Matembezi Baada ya Alasiri: Mji wa Kale Tunaoupita Bila Kuusoma



Kwanza nakupa mkono wa Ramadhani. Pili nina swali dogo kwako. Je, ushawahi kutembea Mji wa Kale wa Mombasa? Kupita najua wapita. Sote twapita, tukienda madrasa, tukienda kununua mahamri, tukiwahi tarawehe. Nauliza kutembea kwa kusimama, ukatazama, ukauliza: hiki alikijenga nani, na kwa nini bado kipo?

Mimi nimezaliwa Kibokoni na nimehitimu madrasa hapo hapo, na jibu langu lilikuwa hapana. Nililijua hilo siku rafiki yangu wa chuo kikuu, kijana wa bara, alipokuja kututembelea. Tulisimama nje ya Msikiti wa Mandhry akaniuliza, "Hiki kisima hapa ng'ambo ya njia ni cha nini?" Nikababaika. Bahati mbaya, au tuseme bahati njema, alikuwa akipita mtembeza watalii na wageni wake. Akasimama, akawaeleza kwa Kizungu habari ya kisima na msikiti, na mimi nikategea sikio. Hebu fikiria, ndugu yangu. Habari za kisima nilichokichezea utotoni nilizipata kwa maneno aliyokuwa akiambiwa Mzungu!

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma na kuwasumbua wazee barazani. Leo nataka nikupeleke nilikopita. Hakuna haja ya gari wala tuktuk. Ni mzunguko mfupi wa miguu: twaanzia Ngomeni baada ya swala ya Alasiri, twafuata upande wa bahari mpaka bandari ya kale, halafu twarudi kwa Ndia Kuu. Kwenda peke yake hakufiki kilomita moja. Kwa hivyo hata aliyefunga ataweza, na adhana ya Magharibi itatukuta tushamaliza. Haya, bismillahi.

KITUO CHA KWANZA: NGOMENI

Wazee hupaita Ngomeni mpaka leo, ijapokuwa kwenye ramani pameandikwa Fort Jesus. Wareno waliijenga ngome hii kati ya mwaka 1593 na 1596, kwa ramani ya Muitaliano Giovanni Battista Cairati. Kabla ya hapo walikuwa washaujia mji huu kwa moto na upanga. Mwaka 1505 jeshi la Francisco de Almeida liliuteka, likaupora na kuuchoma. Kwa hivyo ngome haikujengwa kuwalinda watu wa Mvita. Ilijengwa kuilinda njia ya Wareno ya kwenda Bara Hindi, na kuwatia adabu wenye mji.

Wengi wetu tukiingia ndani twatazama mizinga, twapiga picha, twatoka. Wewe usifanye haraka. Kuna kipande cha ukuta kilichohifadhiwa chenye michoro ya meli na watu, kazi ya Wareno waliokuwa humo. Si ya fundi hodari. Ni ya watu waliokuwa mbali na kwao, wakachora walichokikumbuka. Nami nilipoitazama, kwa mara ya kwanza niliwaona Wareno kuwa ni watu, si majina ya kukariri kwa ajili ya mtihani.

Na kuna kisa cha kijana mmoja ambacho kila kijana wa Kiislamu angepaswa kukijua. Sultani wa Mombasa, Hassan bin Ahmad, aliuawa mwaka 1614 baada ya kukosana na Wareno. Mwanawe Yusuf, akiwa bado mtoto, alichukuliwa akapelekwa Goa. Huko akalelewa na mapadri, akabatizwa, akaitwa Dom Jerónimo Chingulia. Wareno walidhani wametengeneza mfalme wa kwao. Wakamrudisha kutawala, lakini mwezi wa Agosti 1631 akaingia ngomeni na watu wake, akamuua mkuu wa ngome na kuiteka, akarudi kwenye Uislamu na jina lake la Yusuf bin Hassan. Mambo hayakumnyokea. Mwaka uliofuata aliiacha ngome akaenda zake baharini, na Wareno wakarudi. Ukipita langoni utaona maandishi ya Kireno ya mwaka 1635, waliyoyaweka kujisifu baada ya kurudi.

Halafu kuna mazingiwa makubwa ya Waomani, kuanzia Machi 1696 mpaka Desemba 1698. Zaidi ya miaka miwili na nusu! Maradhi na njaa viliua watu wengi kuliko risasi. Zamani nilidhani hadithi hii ni nyepesi, Wareno huku na Waislamu kule. Kumbe ndani ya ngome walikuwamo Waswahili wa Faza waliopigana upande wa Wareno, kwa kuwa walikuwa na ugomvi wao na jirani zao. Historia ya kweli haitaki kufichwa aibu, ndugu msomaji. Ukiisoma nusu, itakudanganya.

Baada ya hapo ngome ilikuwa mikononi mwa Mazrui, mpaka Sayyid Said alipouchukua mji mwaka 1837. Waingereza wakaifanya jela kuanzia 1895 hadi 1958, ndipo ikawa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Hesabu mwenyewe mikono iliyoishika ngome hii: Wareno, Yusuf, Wareno tena, Waomani, Mazrui, Sayyid Said, Waingereza, na sasa serikali ya Kenya. Ikumbuke orodha hiyo, kwani twaihitaji kituo kinachofuata.

KITUO CHA PILI: MSIKITI NA KISIMA CHAKE

Toka Ngomeni ushike barabara ya Sir Mbarak Hinawy, ile ya upande wa bahari. Aliyepewa jina hili alikuwa Liwali wa Pwani wakati wa Waingereza, naye alikuwa mtu wa kalamu. Mwaka 1950 kilitoka kitabu chake juu ya Al-Akida, yule aliyeiasi serikali ya Zanzibar akiwa ndani ya ngome hiyo hiyo tuliyotoka, mpaka manowari za Kiingereza zikaipiga mizinga mwaka 1875.

Hatua chache tu utauona mnara mweupe uliochongoka kwenda juu. Huo ndio Msikiti wa Mandhry. Inasemekana uliasisiwa mwaka 1570. Ikiwa ni hivyo, basi watu walikuwa wakiswali hapa zaidi ya miaka 20 kabla jiwe la kwanza la ngome halijawekwa. Na mkabala wake, ng'ambo ya njia, kiko kile kisima kilichonitia haya.

Sasa sikiliza. Mwaka 1331 msafiri wa Kimoroko, Ibn Battuta, alilala usiku mmoja Mombasa akielekea Kilwa. Aliyoyaandika kuhusu mji wetu si marefu, lakini miongoni mwayo ni visima. Alisema misikiti ya hapa ilikuwa ya mbao, imejengwa kwa ustadi, na kwenye milango yake kulikuwa na visima vya kina cha dhiraa moja au mbili. Watu walichota maji kwa chombo cha mti chenye mpini mwembamba. Aliyetaka kuingia aliosha miguu, kisha akaifuta kwenye mkeka mzito uliowekwa mlangoni. Aliwasifu pia watu wa mji kwa dini yao na heshima yao.

Misikiti ile ya mbao imekwisha zamani. Desturi haikwisha. Msikiti, na kisima chake mlangoni, na mtu anaosha miguu kabla ya kuingia: aliyoyaona Ibn Battuta wewe wayafanya kila siku bila kujua kwamba yana miaka karibu 700.

Na hapa ndipo nilipopata swali la safari nzima. Ngome, pamoja na kuta zake nene, imebadilisha wenyewe mara hizo zote tulizohesabu. Kazi yake ya kwanza imekufa, leo waingia kwa tikiti. Msikiti huu mdogo hauna mzinga hata mmoja, lakini bado wafanya kazi ile ile uliyojengewa. Kwa nini?

Mzee mmoja barazani alinijibu kwa neno moja: wakfu. Ukishaweka wakfu, akasema, kitu hakiuzwi, hakirithiwi, hakitolewi zawadi. Kimetoka mikononi mwa watu. Mafundi wanaokuja kukitengeneza, wenye duka ambalo kodi yake yanunua mafuta ya taa na mikeka, wote wanakitumikia, na hakuna anayeweza kusema, "Nipeni fungu langu niende." Madrasani tulifundishwa sadaka yenye kuendelea, tukajibu mtihani tukapata alama. Sikujua kwamba jibu lenyewe lilikuwa limesimama ng'ambo ya njia.

KITUO CHA TATU: BANDARI YA KALE

Twende mbele. Njia yafunguka na tunafika Government Square, penye bandari ya kale. Leo pametulia, maana meli kubwa zilihamia Kilindini zamani. Lakini wazee wanakumbuka msimu wa kaskazi, majahazi yakija kutoka Bara Arabu na Bara Hindi na tende, mazulia na masanduku, yakingojea kusi yaondoke na boriti za mikoko na bidhaa nyingine. Nahodha akikaa miezi hapa, alioa, alijenga, aliacha watoto na maneno. Kiswahili unachokisema na pilau utakayokula Idi vyote vina chumvi ya bandari hii.

Karibu na hapo ni nyumba iitwayo Leven House, na ngazi za kuteremkia majini. Jina latokana na manowari ya Kiingereza Leven ya Kapteni William Owen. Mwaka 1824 Mazrui, wakimwogopa Sayyid Said, waliomba bendera ya Uingereza, na Owen akawapandishia. Mwaka 1826 serikali ya Uingereza ikaiteremsha. Himaya ya miaka miwili tu! Miaka kumi na moja baadaye Sayyid Said akauchukua mji. Funzo lake sina haja ya kukutafunia.

Zama hizo hizo palikuwa na mtu mmoja akitunga mashairi. Naye ni Muyaka bin Haji al-Ghassaniy, aliyefariki mwaka 1840. Kabla yake tungo nyingi kubwa zilizohifadhiwa zilikuwa za dini na tendi. Muyaka akaimba siasa za Mvita, biashara, mapenzi, njaa, majirani, mambo yote ya mji. Ukisikia watu wanajibizana kwa mashairi mpaka leo, jua alipita njia hiyo mbele yao.

Lakini aliondoka bila kuacha kitabu kilichochapishwa. Mashairi yalibaki vichwani mwa watu, na wenye vichwa hufa. Kilichoyaokoa ni bidii ya mwalimu mmoja wa hapa Mombasa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah al-Batawi, aliyeyakusanya na kuyaandika kwa hati za Kiarabu, akisaidiana na mmishenari William Taylor. Maandishi hayo leo yamehifadhiwa London. Nilipoyasoma hayo nilifurahi na kuhuzunika pamoja. Nilifurahi kwa kuwa yapo. Nilihuzunika kwa kuwa mwanafunzi wa Kibokoni akitaka kuyaona kwa macho yake ahitaji viza. Hata hivyo lawama siwatupii waliohifadhi. Lau si Mwalimu Sikujua kukaa kitako akaandika, hata hiyo London tusingekuwa na cha kukifuata.

KITUO CHA NNE: NDIA KUU

Sasa turudi kwa Ndia Kuu, inayokwenda sambamba na ile tuliyojia. "Ndia" ni njia kwa Kimvita, kwa hivyo usione haya kuitamka hivyo. Hapa inua kichwa. Juu utaona roshani za mbao zilizotokeza njiani, mtindo uliokuja na mafundi na wafanyabiashara wa Kihindi. Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ndiyo sababu vyumba vya kale ni vyembamba: upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti. Mjenzi alipima nyumba kwa kile mkoko ulichompa.

Kisha teremsha macho, utazame milango. Mlango wa nakshi una mbao mbili, na katikati mti uliosimama uitwao mfaa. Pembeni zinakwenda nakshi za maua, na minyororo iliyochongwa kwenye mti. Juu kwenye baadhi ya milango utakuta maandishi ya Kiarabu, jina la Mwenyezi Mungu au aya, ili anayeingia na anayetoka apite chini yake. Fundi alikaa miezi na patasi yake kwa mlango mmoja. Kitu cha kwanza alichokiona mgeni wa nyumba kilikuwa hicho, kabla hajapigiwa hodi wala kuletewa kahawa.

Ukitembea polepole utagundua kitu kingine. Baadhi ya nyumba mlango hauko. Liko geti la chuma.

Niliahidi historia isiyoficha aibu, basi na yangu niitoe. Nyumba ya nyanya yangu ilikuwa na mlango kama huo. Nyanya alipofariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, warithi walikuwa kumi na mmoja. Dari lavuja, ukuta wa nyuma umepata ufa, na mafundi wa chokaa ni wachache na ghali. Akaja mtu na pesa taslimu akasema anautaka mlango tu. Ukauzwa. Pesa zikagawanywa kwa hesabu ya mirathi, sawasawa kabisa kama tulivyofundishwa, hakuna aliyedhulumiwa hata shilingi. Fungu la mama lilitosha karo yangu ya muhula mmoja. Ndiyo, ndugu msomaji. Mimi ni mmoja wa walioula mlango ule.

Kwa hivyo sitakuja hapa kuwatukana wanaouza. Mtu hauzi mlango wa babake kwa furaha. Serikali imeutangaza Mji wa Kale kuwa eneo la kuhifadhiwa tangu miaka ya 1990, na ipo sheria ya makumbusho na urithi ya mwaka 2006. Sheria ni nzuri, lakini haizibi dari. Twalalamika kwamba wageni wametunyang'anya urithi wetu, na huku twauza wenyewe kipande kipande, kila mmoja na sababu yake ya haki.

KITUO CHA MWISHO: MAKABURINI

Ndia Kuu yaturudisha tulikoanzia. Mkabala na Ngome kuna makaburi ya ukoo wa Mazrui. Hapa ndipo alipozikwa Profesa Ali Mazrui mwaka 2014. Alifundisha vyuo vikuu vya Uganda na Marekani, dunia nzima ikamjua, na mwisho akaletwa nyumbani, umbali wa kurusha jiwe kutoka Ngomeni. Babake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kuanzia 1937 mpaka alipofariki 1947. Katika miaka ya 1930 alitoa magazeti ya Kiswahili, As-Sahifa na kisha Al-Islah, akiwaamsha Waislamu wa Pwani waelimike. Aliandika pia historia ya ukoo wake na mji huu. Gazeti unalolishika mkononi sasa, kwa namna fulani, ni mjukuu wa magazeti yale.

Simama hapa, watolee salamu waliolala, uwaombee dua. Kisha jiulize nilichojiuliza mimi: katika yote tuliyoyaona leo, ni yapi yaliyosalia? Msikiti umesalia kwa sababu mtu aliutoa mikononi mwake ukiwa bado wake. Mashairi ya Muyaka yamesalia kwa sababu mwalimu mmoja hakungoja mwingine aandike. Mlango wa nyanya haukusalia, kwa sababu sote tuliupenda na hakuna aliyesema neno mapema.

Nyanya alikuwa akisema mara kwa mara kwamba chumba cha chini angependa kiwe cha watoto kusomea Qur'ani. Alisema tu. Hakuna aliyemwita kadhi, hakuna aliyeandika. Ramadhani iliyopita warithi walikaa baada ya tarawehe kuzungumza kama nyumba nzima iuzwe. Nilikuwa mdogo kuliko wote, na nilikuwa nimekuja kuleta kahawa. Nikaomba ruhusa, nikawakumbusha maneno yale ya nyanya. Pakawa kimya. Mjomba mkubwa akauliza, "Na dari nani atalitengeneza?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo hatujaafikiana, lakini nyumba haijauzwa, na ami yangu mmoja ameenda kuuliza masharti ya wakfu wa chumba kile. Tuombeeni.

Nawe nakuomba mambo matatu katika mwezi huu. Tembea njia hii, na uende na mdogo wako au mwanao. Keti na mzee mmoja, umuulize habari ya mtaa wake, uandike au urekodi kwa simu yako. Na kama nyumbani kwenu kuna mlango, kitabu cha hati za Kiarabu, au kisima kilichofukiwa, lizungumzeni jambo hilo wakati wenyewe wangali hai.

Sasa twende, watu washaanza kukaanga viazi Kibokoni na jua limekaribia kuzama. Tutafungua kwa tende na maji pale Mandhry. Kabla hujaingia, osha miguu.

Wabillahi tawfiq.